Paipu Kabla ya Lipu

Ndugu mwananchi, nyumba yako imefika wapi? Iko kwenye msingi? Imefika linta? Umeshapaua na sasa unamtafuta fundi wa lipu?

Popote ulipofika, pokea hongera. Kujenga kwa kipato chetu hiki ni kazi ya uvumilivu: mwezi huu tofali, mwezi ujao saruji, mwakani bati. Kila aliyesimamisha boma lake anajua alichojinyima.

Basi kabla hujampigia simu huyo fundi wa lipu, naomba nikukalishe kidogo. Liko jambo moja ambalo likifanyika leo ni jepesi na gharama yake ni ndogo. Likiachwa mpaka ukuta ukauke na rangi ipakwe, litadai nyundo, tindo, vumbi nyumba nzima na fedha ambazo ulizipangia kazi nyingine.

Jambo lenyewe ni paipu za umeme, zile paipu nyeupe za plastiki zinazolazwa ukutani na kwenye zege ili nyaya zipite ndani yake. Ombi langu ni fupi: tuweke paipu zenye nafasi ya kupitisha nyaya nene, tuziweke sawasawa, na tuziweke kabla ya lipu.

Kwa nini nizungumzie nyaya nene? Tuitazame nchi yetu na nyumba zetu.

Wazee wetu walipovuta umeme kwa mara ya kwanza, mahitaji yalikuwa machache. Taa, redio, pasi, na aliyejaliwa alikuwa na friji. Fundi alipitisha waya wa 1.5 kwenye taa na waya wa 2.5 kwenye soketi, kazi ikaisha, na nyumba ikakaa salama miaka mingi.

Leo mambo yamebadilika, tena kwa heri. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Gesi imo humo, na umeme umo. Kule Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, unaendelea kusogeza nguzo hadi kwenye vitongoji ambavyo jana vilikuwa gizani.

Haya yote ni kwa ajili yetu, ili mama apumzike na moshi, na misitu yetu ipumzike na tanuri za mkaa. Lakini umeme huo ukishafika mlangoni kwako, utapita wapi kufika jikoni?

Swali hilo halijibiwi Dodoma wala Rufiji. Linajibiwa na wewe na fundi wako, mkiwa mmesimama ndani ya boma lisilo na lipu.

Tuhesabu pamoja, taratibu. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Ukigawanya wati za kifaa kwa 230 unapata ampea, yaani ukubwa wa mkondo unaopita kwenye waya. Birika la umeme la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Hita ya bafuni, ile inayochemsha maji yakiwa yanapita, yenye wati 5,000, inavuta karibu ampea 22. Jiko lenye oveni na sahani nne, likiwashwa lote kwa wati 6,000, linavuta ampea 26.

Sasa mkondo ukipita kwenye waya, waya unapata joto. Na joto hilo linapanda haraka kuliko tunavyodhani: mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Gamba la plastiki la nyaya tunazotumia majumbani limetengenezwa kuhimili nyuzi 70 za Selsiasi. Likizidishiwa siku hadi siku linakauka, linapasuka, na hapo ndipo hatari inapoingia nyumbani bila kubisha hodi.

Dawa yake ni unene wa waya. Ndiyo maana fundi makini hutumia waya wa 4 kwa hita, waya wa 6 kwa jiko, na waya wa 10 au wa 16 kutoka kwenye mita kwenda kwenye meni swichi. Namba hizo ni milimita za mraba za shaba iliyomo ndani. Shaba ikiongezeka, mkondo unapita kwa raha na joto linapungua.

Nyaya hizo, ndugu zangu, zinataka nafasi. Na nafasi ni paipu.

Madukani kwetu utakutana zaidi na paipu za milimita 20, 25 na 32. Kipimo hicho ni cha nje. Paipu ya 20 ikishatolewa unene wa plastiki yake, uwazi wa ndani unabaki kama milimita 16. Je, nyaya zijazwe mpaka zibane? Hapana. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi duniani ni kwamba nyaya tatu au zaidi zisichukue zaidi ya asilimia 40 ya uwazi wa paipu. Inayobaki ni ya hewa, ya kupoza joto, na ya kuwezesha nyaya kuvutwa bila kuchubuka.

Tuchukue mfano wa jikoni. Jiko linahitaji nyaya tatu: wa moto, wa kurudi na wa ethi. Zikiwa nyaya za 6, zinaingia kwenye paipu ya 20 na nafasi inabaki. Lakini ukitaka kupitisha na nyaya tatu za hita humo humo, paipu ile ile inafurika. Na zikiwa nyaya tatu za 10, kila mmoja ukiwa na upana wa kama milimita 6 pamoja na gamba lake, paipu ya 20 imeshavuka asilimia 40. Zipeleke hizo hizo kwenye paipu ya 25, zinachukua kama robo tu ya nafasi.

Umeona tofauti ya milimita 5 inavyofanya kazi? Na dukani, nyongeza ya bei kati ya paipu ya 20 na ya 25 haifikii hata kidogo gharama ya kutindua ukuta uliokwisha pakwa rangi.

Mzazi akinunua sare ya shule huchukua iliyopwaya kidogo, kwa sababu anajua mtoto anakua. Nyumba nayo inakua. Leo una jiko la mkaa na mtungi wa gesi, kesho unaweza kupata jiko la umeme. Mtoto akiolewa, wageni wakiongezeka, utaweka hita. Ukiweka chumba cha kupangisha au saluni ya mbele, mzigo unapanda tena.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulijui, na fundi akituambia tunadhani anaongeza gharama. Nyaya za sakiti kadhaa zikibanana kwenye paipu moja, zinapashana joto. Sakiti tatu zikipita pamoja, kila moja inaruhusiwa kubeba kama asilimia 70 tu ya mzigo ambao ingebeba ikiwa peke yake. Kwa hiyo fundi akikushauri jiko lipate paipu yake na hita ipate yake, msikilize. Anailinda nyumba yako.

Sasa naomba tumwone fundi akivuta nyaya. Ukifahamu anachokipitia, utaelewa kwa nini tunasisitiza paipu iwekwe vizuri.

Wanakuwa wawili. Mmoja yuko juu ya ngazi darini, mwingine kachuchumaa kwenye boksi la jiko. Wa chini anasukuma springi ya kuvutia, ule utepe mrefu wa chuma au nailoni, mpaka kichwa chake kitokeze juu. Wa juu anamenya ncha za nyaya tatu, nyekundu, nyeusi na ya kijani, anazipinda kwenye jicho la springi na kuzifunga kwa tepu, iwe ncha moja laini isiyokwama. Kisha anapaza sauti: “Vuta!”

Nyaya zinaingia kwa pamoja, wa juu akizinyoosha kwa viganja zisijisokote. Paipu ikiwa na nafasi, zinashuka zenyewe kama zinajua njia. Paipu ikiwa nyembamba au kona ikiwa kali, zinakwama. Hapo wa chini anafunga springi kwenye koleo na kuvuta kwa nguvu za mwili mzima. Gamba linachubuka mahali ambapo hakuna jicho litakaloona. Waya umeingia, taa zitawaka, na kidonda kimebaki ukutani.

Je, tungependa fundi wetu afike huko? Tumpunguzie kazi mapema, kwa mambo machache ambayo hata asiye fundi anaweza kuyatazama.

Kona iwe ya mviringo. Paipu hupindwa kwa springi maalumu inayoingizwa ndani yake ili isibonyee, na kila ukubwa wa paipu una springi yake. Mviringo wa kona, ukipimwa kama nusu kipenyo, usipungue mara mbili na nusu ya upana wa paipu. Kwa paipu ya 25 ni zaidi ya sentimita 6. Paipu iliyopindwa kwa kuchomwa moto juu ya kibatari mara nyingi hubonyea ndani, na nyaya nene hazitapita hapo.

Kona zisizidi mbili kati ya boksi na boksi. Zikizidi, liwekwe boksi la kuvutia katikati. Boksi lenyewe libaki mahali panapofikika, lisizikwe ndani ya lipu.

Maungio yapakwe gundi. Paipu na kapla yake zikishikana kwa gundi, maji ya zege hayaingii. Zikiachwa kavu, siku ya kumwaga zege uji wa saruji unapenya na kuganda, na paipu hiyo imekufa kabla ya kuzaliwa.

Nyaya zisiungwe ndani ya paipu. Kiungo kinakaa kwenye boksi, mahali ambapo fundi wa miaka kumi ijayo atafungua kifuniko na kukiona.

Paipu zipande wima au zilale sawa, zisikate ukuta mshazari. Kwa nini? Kwa sababu siku moja mtu atapiga msumari wa kutundikia picha ya harusi. Akiona swichi, atajua kwamba waya uko juu yake au chini yake, na atatafuta pengine. Paipu ya mshazari haina wa kumtahadharisha.

Tena ukuta una kiasi chake cha kuchimbwa. Mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na mfereji wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Kwa tofali la inchi 6, mfereji wa wima una sentimita 5 za kuchezea, ambazo zinaitosha paipu ya 25 na lipu yake. Mfereji wa kulala una sentimita 2 na nusu tu. Ndiyo maana fundi mzuri husafirisha paipu darini, kisha huishusha wima mpaka kwenye soketi.

Wanaojenga ghorofa au wanaomwaga zege la juu, siku yenu ya kuangalia ni ile ya kabla ya zege. Pandeni juu mkiwa na fundi. Je, paipu zimefungwa kwenye nondo kwa waya, zisielee zege litakapomwagwa? Je, midomo yote imezibwa? Karatasi za mifuko ya saruji zinaweza kuziba, ingawa kifuniko cha plastiki ni bora zaidi. Je, maboksi ya taa yako mahali ambapo mmetaka taa? Zege likishamwagwa, hakuna wa kulirudisha kwenye toroli.

Na nje je? Pampu ya kisima, taa ya geti, chumba cha uani. Waya wa kwenda huko nao unataka paipu, na uzikwe angalau nusu mita kwenda chini, utepe wa tahadhari ukitandazwa juu yake kabla ya kufukia. Jembe la mtoto anayelima bustani ya mchicha halijui paipu ilipo.

Haya sasa, kila mmoja wetu ana nafasi gani katika kazi hii?

Wewe mwenye nyumba, kazi yako ya kwanza ni kuota ndoto kwa sauti. Kaa na familia, mama, vijana, hata bibi, mwulizane: jiko la umeme litakaa upande gani? Hita ya bafuni ipo au haipo? Je, tutaangua vifaranga kwa mashine? Je, tunatarajia paneli za sola juu ya bati? Ziandike hizo ndoto kwenye karatasi na umpe fundi kabla hajachora mstari wa kwanza ukutani. Kifaa si lazima kiwepo leo. Njia yake ndiyo iwepo.

Pale ambapo bado huna uhakika, weka paipu tupu. Moja kutoka kwenye meni swichi kwenda jikoni, moja kwenda bafuni, moja kwenda darini kwa ajili ya sola ya baadaye. Acha kamba ya nailoni ndani yake, ncha zote mbili zikiwa zimefungwa, ziba midomo kwa vifuniko, basi. Wahenga walisema akiba haiozi. Paipu tupu ni akiba iliyokaa ukutani ikikusubiri.

Kazi yako ya pili haina gharama kabisa. Siku moja kabla ya lipu, zunguka nyumba nzima na simu yako. Piga picha kila ukuta wenye paipu, ukiwa umeweka futi ya kupimia kwenye ukuta ili kipimo kionekane. Zihifadhi pamoja na hati ya kiwanja na risiti. Fundi yeyote atakayekuja miaka ijayo atakushukuru, na mwanao atakayerithi nyumba atakushukuru zaidi.

Ndugu yangu uliye Muscat, London au Minnesota, unayejengea wazazi nyumbani kwa kutuma fedha na kupigiwa simu za video, wito huu ni wako pia. Mara nyingi unaulizwa rangi ya vigae na aina ya mageti. Omba uoneshwe na paipu. Mwambie mdogo wako: “Nionyeshe ukuta wa jikoni kabla ya lipu, hebu sogeza simu, hiyo ni ya 20 au ya 25?” Ukubwa huwa umeandikwa kwenye paipu yenyewe. Swali moja kama hilo ni zawadi kwa wazee.

Wewe fundi umeme, tunakuheshimu. Unapanda ngazi juani, unachimba kuta, na ukimaliza kazi yako inafunikwa isionekane tena. Tunakuomba umweleze mteja faida ya paipu kubwa kwa lugha yake, hata kama anaonekana ana haraka. Mwambie gharama ya leo na gharama ya kesho, kisha umwache achague akiwa anajua. Ukiwa na kijana unayemfundisha, mwonyeshe namna ya kutumia springi, namna ya kupaka gundi, na kwa nini nyaya zikikwama hupakwa poda au mafuta maalumu ya kuvutia, kamwe si grisi, kwa sababu grisi inalainisha na kuharibu gamba. Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA wanakuja na nadharia safi, nanyi wakongwe mna mikono yenye uzoefu. Mkikaa pamoja, nyumba zetu zinapona.

Na sisi wateja tumrahisishie fundi huyu. Tumtafute mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati, tumlipe haki yake, tusimharakishe. Shirika la umeme, TANESCO, linapoombwa kuunganisha umeme huhitaji mchoro wa wayaringi wenye muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Muhuri huo una thamani pale tu aliyeugonga ameiona kazi kwa macho yake. Kwa hiyo tumkaribishe aione.

Wewe fundi mwashi, wewe ndiye wa mwisho kuiona paipu. Ukikuta imechomoka kwenye boksi, imepasuka kwa kukanyagwa na toroli, au mdomo wake uko wazi, tafadhali simamisha mwiko kidogo, umwite fundi umeme au mwenye nyumba. Dakika zako chache zinaokoa siku nzima ya kutindua. Nani mwingine angeweza kutusaidia hapo kama si wewe?

Wewe mwenye duka la vifaa vya umeme, watu wengi wanakuja kwako hawajui waulize nini. Kijana anatumwa na karatasi imeandikwa “paipu 30, waya rola 4”. Muulize: ni za nyumba ya aina gani? Jiko la umeme lipo? Mwonyeshe paipu ngumu isiyobonyea kwa kidole, mwonyeshe alama ya ubora ya TBS kwenye rola, umkatie ncha aone shaba yenyewe. Mteja uliyemwelekeza vizuri atarudi na atakuletea jirani zake.

Na wewe mpangaji, usiseme wito huu haukuhusu kwa sababu nyumba si yako. Nyumba unayolala ndani yake inakuhusu. Je, soketi yako inapata joto ukiwasha jiko? Je, taa zinafifia birika likiwaka? Unasikia harufu ya plastiki iliyoungua? Breka inajikata mara kwa mara? Hizo ni salamu kutoka ndani ya ukuta. Waya unakuambia umechoka.

Ukiziona dalili hizo, chomoa kifaa, uzime meni swichi, umweleze mwenye nyumba kwa upole, na umwite fundi. Usikubali breka ikibadilishwa kwa kubwa zaidi huku waya ukiachwa ule ule mwembamba. Breka inakata ili kuulinda waya. Ukiweka ya ampea 32 kwenye waya uliotegemea ya ampea 16, mlinzi ameondoka na mlango umebaki wazi. Pika kwenye soketi iliyo ukutani, usibebeshe waya wa ekstensheni mmoja jiko, birika na pasi. Na moto ukitokea, usimwagie maji penye umeme. Zima meni swichi kama unaifikia salama, toa watu nje, piga simu Zimamoto namba 114.

Kina baba na kina mama wenye nyumba za kupangisha, mpangaji akija na habari hizo mpokeeni kama mtu anayewatunzia mali. Kama nyumba ilijengwa zamani na paipu zake ni nyembamba, si lazima kubomoa. Fundi anaweza kupitisha paipu mpya juu ya ukuta, ikiwa imenyooka na kushikwa vizuri kwa vibanio, kutoka kwenye meni swichi hadi jikoni, kwa ajili ya jiko peke yake. Inaonekana kwa macho, na hilo halina aibu. Usalama hauna sababu ya kujificha.

Tusisahau mambo mawili ambayo paipu peke yake haiwezi kuyafanya. La kwanza ni ethi. Kila paipu inayokwenda jikoni au bafuni ipitishe waya wa kijani, na waya huo ufike kwenye nondo ya ethi iliyopigwa ardhini, si kuishia ukutani kwa mapambo. La pili ni kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampea 30 kinachokaa kwenye meni swichi. Mtoto akigusa hita yenye hitilafu, kifaa hicho kinakata umeme kabla moyo wake haujadhurika. Ukibana bajeti, bana kwingine.

Viongozi wa mitaa, mabalozi, masheikh na wachungaji, walimu wa shule zetu, mnasikilizwa kila wiki. Mkutano wa mtaa ukiisha ajenda ya taka na ulinzi, je, kuna ubaya tukimwomba fundi mmoja wa mtaani kwetu atueleze kwa robo saa jinsi nyumba inavyojiandaa kwa jiko la umeme? Mwalimu wa fizikia anapofundisha mkondo na joto, je, hawezi kuwaomba wanafunzi wasome wati zilizoandikwa nyuma ya pasi na birika la nyumbani, wapige hesabu, walete majibu darasani? Mtoto aliyepiga hesabu hiyo atakuwa mwalimu wa nyumba yao jioni ile ile.

Ndugu zangu, Taifa linajenga mabwawa, linasimamisha minara, linavuta nyaya kutoka mkoa hadi mkoa. Mita chache za mwisho, kutoka kwenye mita ya LUKU hadi kwenye sufuria, zimeachwa mikononi mwetu. Hatuhitaji kibali cha mtu kuzifanya vizuri. Tunahitaji kuulizana mapema na kusaidiana.

Kwa hiyo wiki hii, kama una boma, nenda na futi na simu yako. Tazama mambo matatu: njia ya jiko ipo? Njia ya hita ipo? Paipu ya akiba ipo? Kama moja halipo, bado hujachelewa, maadamu ukuta uko wazi.

Na kama wewe umeshamaliza kujenga, mtaani kwako kuna anayejenga. Unamjua, unapita mbele ya boma lake kila asubuhi. Mpelekee habari hii leo, kabla fundi wa lipu hajakoroga saruji.